Somo la Tisa: Herufi Tatu Zisizo na Irabu

Jioni moja kisomo kilikuwa kimekwisha. Wanakisomo walikuwa wameondoka, ila mama mmoja alibaki kwenye benchi la mbele. Mama huyu alianza kisomo akiwa hawezi kuandika jina lake. Sasa anasoma vizuri, ingawa polepole.

Alifungua pindo la kanga, akatoa karatasi, akainyoosha juu ya meza.

"Mwalimu," alisema, "neno hili nimelisoma mara tatu. Silipati. Halina irabu."

Nikatazama. Binti yake yuko kidato cha nne. Alikuwa ameandika herufi tatu kubwa: PCB. Chini yake aliandika nyingine tatu: CBG.

Nilicheka, naye akacheka. Lakini alikuwa amesema kweli. Darasani tumefundishana ba, be, bi, bo, bu. Konsonanti hutafuta irabu. Hapa irabu haikuwepo hata moja.

"Hilo si neno, mama," nilimwambia. "Hayo ni masomo matatu. Mtoto wako anakwambia anataka kusoma nini akifika kidato cha tano."

Mama alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Basi ndilo lililoleta ugomvi nyumbani."

Herufi hizo ni nini?

Herufi hizo zimetoka katika majina ya masomo kwa Kiingereza. P ni Fizikia. C ni Kemia. B ni Baiolojia. M ni Hisabati. G ni Jiografia. H ni Historia, K ni Kiswahili, L ni Kiingereza, na E ni Uchumi.

Kwa hiyo PCB ni Fizikia, Kemia na Baiolojia. PCM ni Fizikia, Kemia na Hisabati. CBG ni Kemia, Baiolojia na Jiografia. HKL ni Historia, Kiswahili na Kiingereza. Zamani makundi haya yaliitwa michepuo. Siku hizi huitwa tahasusi. Mwaka 2024 Serikali iliongeza tahasusi nyingi mpya, lakini hizi za zamani bado zipo.

Fizikia ni elimu ya nguvu, mwendo, joto, mwanga na umeme. Kemia hutueleza vitu vimeundwa na nini, na hugeukaje vikichanganywa au vikichomwa. Baiolojia ni elimu ya viumbe vyenye uhai: mimea, wanyama na sisi wenyewe.

Mambo haya si mageni kijijini. Maziwa yakiachwa kwenye kibuyu huganda. Kazi hiyo hufanywa na vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho. Mama anayetengeneza maziwa mgando anafanya baiolojia na kemia kila wiki. Mwaka 1973 wazee wetu walisoma kwa vikundi katika kampeni ya Mtu ni Afya. Walisikiliza redio, wakasoma vitabu, wakachimba vyoo, wakafyeka majani karibu na nyumba ili kupunguza mbu. Hiyo nayo ilikuwa sayansi.

Kila mwanafunzi wa kidato cha nne hujaza fomu ya kuchagua tahasusi au chuo. Wanafunzi huiita selifomu. Katika miaka ya karibuni wameruhusiwa kubadili machaguo yao baada ya matokeo kutoka. Kwa kawaida mwanafunzi hutakiwa apate alama A, B au C katika masomo matatu ya tahasusi yake.

Ugomvi wa nyumbani

Mama alinieleza. Baba wa mtoto hataki PCB. Anasema sayansi inafelisha watu. Mtoto wa jirani alichukua HKL, akamaliza, sasa ni mwalimu, na nyumba ya wazazi wake ina bati. Kwa nini huyu ajitie kwenye miiba?

Hofu ya baba huyu si ya bure. Kwa miaka mingi zaidi ya nusu ya watahiniwa wa kidato cha nne wameshindwa mtihani wa Hisabati. Wengi huiacha Fizikia mapema kabisa. Mzazi akiona hivyo ataogopa.

Mimi mwenyewe nilikimbia. Shule niliyosoma ilikuwa mpya, haina maabara. Majaribio ya kemia tuliyasoma bila kuyafanya. Mwalimu alichora bureti ubaoni. Bureti ni mrija mrefu wa kioo wa kupimia dawa. Sisi tukaichora daftarini, tukakariri rangi itakayotokea. Nilikariri kwamba rangi itakuwa ya waridi. Sikuiona rangi hiyo hata siku moja. Nilipofika kidato cha tatu nikaacha Fizikia na Kemia. Hakuna aliyeniuliza kwa nini. Nyumbani walifurahi kwamba mzigo wa vitabu umepungua.

Baadaye nilitaka kusomea maabara ya hospitali. Nikaambiwa cheti changu hakina Kemia wala Fizikia. Nilikuwa na miaka 19, na mlango ulikuwa umefungwa. Kazi hii ya elimu ya watu wazima naipenda, nisieleweke vibaya. Lakini jambo hilo sijalisahau.

Nilimwambia mama jambo moja ambalo wazazi wengi hawaambiwi. Mtoto aliyesoma sayansi anaweza kugeuka baadaye. Mwenye PCM anaweza kwenda kusomea uchumi, hata sheria. Lakini aliyeiacha sayansi hawezi kugeuka kwa urahisi. Mwenye HKL hataingia darasa la udaktari. Hataingia darasa la uhandisi wa maji. Itambidi arudi nyuma asome upya masomo ya kidato cha nne, akiwa mtu mzima, kwa gharama yake. Mlango huu hufunguka kwa kutokea, lakini kuingia tena ni taabu. Ndiyo maana mtoto asiharakishwe kutoka.

Sisemi Historia na Kiswahili ni masomo duni. Mtoto anayeyapenda ayasome. Ninayemsema hapa ni mtoto anayependa sayansi, akaondolewa kwa hofu ya wakubwa.

Mvulana aliyechekwa

Jumatano iliyofuata niliwasomea wanakisomo wote habari ya Erasto Mpemba.

Mwaka 1963 Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika shule ya sekondari Magamba. Wanafunzi wa shule ile walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Walichemsha maziwa, wakachanganya na sukari, wakayaacha yapoe, kisha wakayatia kwenye friji yagande. Nafasi katika friji ilikuwa ndogo, kwa hiyo waligombania.

Siku moja mwenzake alitia maziwa yake bila kuyachemsha. Mpemba aliona atakosa nafasi. Akatia maziwa yake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu walirudi kutazama. Maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa bado majimaji mazito.

Hebu fikiri, ndugu msomaji. Cha moto kiligande kabla ya cha baridi? Mpemba alimwuliza mwalimu wake wa fizikia. Mwalimu akamjibu kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani.

Mpemba hakubisha, lakini hakusahau. Rafiki yake mmoja alikuwa akiuza aiskrimu mjini Tanga. Alimwambia kwamba wao hutia maziwa ya moto makusudi, yapate kuganda upesi. Kumbe wauza aiskrimu walilijua jambo hilo.

Alipofika kidato cha tano katika shule ya Mkwawa, Iringa, aliuliza tena. Akajibiwa vilevile. Wenzake walimtania. Kila alipokosea jambo walisema hiyo ndiyo fizikia ya Mpemba. Siku moja alikuta maabara iko wazi, akachukua vyombo viwili, kimoja maji ya bomba, kimoja maji ya moto, akavitia kwenye friji. Alipotazama, aliona kwamba maji ya moto yalikuwa yametangulia kuganda.

Kisha shule ilipata mgeni, Dakta Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Baada ya mazungumzo wanafunzi walipewa nafasi ya kuuliza. Mpemba akasimama, akauliza swali lake lilelile. Wanafunzi wakaangua kicheko. Wengine waliona anaiaibisha shule.

Osborne hakucheka. Alisema atakwenda kulijaribu. Aliporudi chuoni alimwagiza fundi wa maabara afanye jaribio. Fundi akaleta habari kwamba maji ya moto kweli yametangulia kuganda, lakini akaahidi kurudia mpaka apate jibu lililo sahihi! Hapa wanakisomo walicheka sana. Mzee mmoja alisema fundi yule ni kama shahidi aliyeona kwa macho yake akakataa kuamini macho.

Mwaka 1969 Mpemba na Osborne waliandika habari hiyo pamoja katika jarida la Uingereza liitwalo Physics Education. Tangu hapo wanasayansi wa nchi nyingi huliita jambo hilo kwa jina la Mpemba. Bado wanabishana. Wengine wamerudia jaribio wakaona kama alivyoona yeye, wengine hawakuona. Mpemba mwenyewe alisomea uhifadhi wa wanyamapori katika chuo cha Mweka, karibu na Moshi.

Nikawauliza wanakisomo: kama Mpemba angekuwa mtoto wako, angekuuliza swali hilo nyumbani, ungemjibu nini?

Kimya. Kisha baba mmoja akasema, "Ningemwambia aache maneno, akafunge mbuzi."

Tukacheka tena, lakini safari hii kicheko hakikuwa kirefu.

Maji ya kijijini

Mama mwingine aliuliza, "Mwalimu, hayo ya barafu sisi yatatufaa nini? Friji hatuna."

Swali zuri. Nikawapa habari ya pili.

Katika sehemu za kaskazini ya nchi yetu, kama Arusha, Manyara na Kilimanjaro, maji ya visima vingi na chemchemi yana madini mengi ya floraidi. Madini haya yakiwa kidogo hayana neno. Yakizidi, meno ya watoto hugeuka rangi ya kahawia. Yakizidi sana kwa miaka mingi huharibu mifupa. Maji hayo ukiyatazama ni meupe. Kuyachemsha hakusaidii, kwa sababu floraidi haiondoki na mvuke. Maji hupungua, madini hubaki.

Askwar Hilonga ni mtoto wa kijiji cha Gongali, wilaya ya Karatu. Alikulia katika shida hizo za maji. Alisoma, akaenda mpaka Korea Kusini, akapata shahada ya udaktari wa falsafa. Alisomea elimu ya chembe ndogo mno, ndogo kuliko vumbi. Akarudi kufundisha katika Taasisi ya Nelson Mandela ya Sayansi na Teknolojia, Arusha. Hapo alitengeneza chujio la maji. Linatumia mchanga pamoja na chembe hizo ndogo zilizotayarishwa ili kunasa vijidudu na madini kama floraidi. Mwaka 2015 alipata tuzo ya kwanza ya Afrika inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza. Fedha zake zilikuwa pauni 25,000.

Mgeni kutoka mbali angeweza kuja kutengeneza chujio. Wako waliokuja. Lakini mgeni huja na chujio lililotengenezwa kwa maji ya kwao. Mtoto wa Gongali alijua ndoo ya kwao ina nini.

Baba anahesabu miaka

Wiki ya pili baba wa yule binti alikuja mwenyewe. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitikia, akaketi. Hakutaka hadithi za barafu.

"Mwalimu," alisema, "mimi ni mkulima. Nihesabie miaka. Huyu binti ataanza kula jasho lake lini?"

Tukahesabu ubaoni. Binti ana miaka 17. Kidato cha tano na cha sita ni miaka 2. Udaktari chuo kikuu ni miaka 5. Mazoezi ya kazi hospitalini ni mwaka 1. Jumla ni miaka 8. Atakuwa na miaka 25.

"Mingi," alisema baba.

"Ni mingi," nilikubali. Nikafuta ubao, nikaandika njia ya pili. Akitoka kidato cha nne anaweza kwenda chuo cha afya kusomea utabibu au uuguzi kwa miaka 3. Atakuwa na miaka 20. Akifanya kazi anaweza kuendelea kusoma baadaye. Lakini vyuo hivyo navyo hutaka awe amefaulu Kemia, Baiolojia na Fizikia. Kwa fundi wa umeme, mitambo au ujenzi, viko vyuo vya ufundi kama Chuo cha Ufundi Arusha na Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, ile iliyoanza mwaka 1957. Huko nako hutazama Hisabati na Fizikia.

Baba alitazama ubao kwa muda mrefu. "Kwa hiyo njia fupi na njia ndefu zote zinapita kwenye masomo hayo hayo," alisema. Sikuongeza neno.

Kisha akauliza ada. Ada ya kidato cha kwanza mpaka cha nne katika shule za Serikali iliondolewa mwaka 2016. Ya kidato cha tano na sita iliondolewa mwaka 2022. Hata hivyo mzazi asidanganywe kwamba hakuna gharama. Kuna nauli, sare, godoro, daftari na mahitaji mengine. Inafaa kuanza kuweka akiba mapema. Chuo kikuu kuna mikopo ya Bodi ya Mikopo. Na wanaofaulu vizuri sana sayansi kidato cha sita wanaweza kupata ufadhili wa Samia, ulioanza katika mwaka wa masomo 2022/2023. Mkopo hulipwa. Ufadhili huo haulipwi. Tusichanganye.

Ya nyumbani na ya shuleni

Fizikia hailiwi na mzazi asiyejua Kiingereza, husema wengi. Ni kweli mtoto wa sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, na hapo wengi huanguka. Anakariri neno bila kuona kitu. Mzazi hawezi kumpa neno la Kiingereza. Anaweza kumwonyesha kitu.

Chukua mtarimbo unyanyue jiwe. Weka jiwe dogo chini ya mtarimbo liwe egemeo. Tuseme kutoka egemeo mpaka jiwe kubwa ni sentimeta 20. Kutoka egemeo mpaka mkono wako ni sentimeta 100. Upande wako ni mrefu mara 5. Kwa hiyo jiwe linalokulemea kama kilo 100 utalinyanyua kwa nguvu ya kilo 20 tu. Hiyo ndiyo fizikia ya wenzo, imo katika mtihani wa mtoto wako. Mwambie akueleze kwa Kiswahili. Akiweza kukueleza wewe, ameelewa.

Jambo jingine ni muda. Mtoto wa kike akirudi shuleni huchota maji, huchanja kuni, hupika, huosha vyombo. Kaka yake amekaa na daftari. Akipoteza saa 2 kila siku kwa siku 5, hizo ni saa 10 kwa wiki. Hesabu za fizikia hazifanywi kwa macho yenye usingizi. Kazi zigawanywe. Kwa mtoto wa kiume kuosha sufuria si ajabu.

Na yuko mzee atakayekuja na habari ya mahari. Tangu mwaka 2016 sheria ya elimu inakataza kumwoa mwanafunzi wa msingi au sekondari, na adhabu yake ni kifungo cha miaka 30.

Kuhusu shule, tuseme wazi. Mwaka 2012 Serikali iliagiza kila shule ya sekondari ya kata iwe na maabara tatu: ya Fizikia, ya Kemia na ya Baiolojia. Wananchi wengi walichanga fedha, wakabeba mchanga na mawe. Nyingine zinafanya kazi vizuri. Nyingine nimezikuta zimekuwa stoo ya madawati mabovu. Mzazi aliyebeba mchanga ana haki ya kusimama katika mkutano wa wazazi na kuuliza. Ufunguo wa maabara uko kwa nani? Watoto waliingia mara ya mwisho lini? Dawa na vyombo vipo? Mwalimu wa Fizikia yupo, au anafundisha mwalimu wa somo jingine kwa kujitolea? Maswali haya hayamtukani mwalimu mkuu. Mara nyingi humsaidia kupeleka barua wilayani ikiwa na nguvu ya wazazi.

Yule binti alijaza fomu. Aliandika PCB kwanza, CBG ya pili, na chuo cha afya chini yake. Baba ndiye aliyetaka chuo kiongezwe. Matokeo bado hayajatoka. Mama hukaa benchi lile lile la mbele. Juzi aliniambia kwamba mtoto alimweleza kwa nini kuchemsha maji hakuondoi floraidi, naye akamsahihisha mahali pamoja.

Maswali ya majadiliano

1. Katika kijiji chenu, watoto wangapi wa kidato cha tatu na cha nne wanasoma Fizikia? Wasichana ni wangapi?

2. Kwa nini wenzake Mpemba walimcheka? Wewe umewahi kumcheka mtoto aliyeuliza swali? Lilikuwa swali gani?

3. Maabara ya shule ya kata yenu iko katika hali gani? Chagueni watu watatu waende kuitazama, kisha walete habari darasani.

Zoezi la hesabu

Mtarimbo una egemeo. Upande wa jiwe ni sentimeta 25. Upande wa mkono ni sentimeta 150. Jiwe linalemea kama kilo 90. Utatumia nguvu ya kilo ngapi kulinyanyua? Fanya hesabu, kisha mwonyeshe mtoto wako wa sekondari akusahihishe.